Je, kripto inakuficha kweli? Jibu kwa msomaji anayetaka kulipia VPN bila kuacha jina

Msomaji mmoja ameniandikia hivi, nafupisha (VPN anayoitaja ni huduma inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine ili ulipo na unachofungua visionekane kirahisi): "Nataka kulipia VPN na barua pepe isiyo na jina langu. Rafiki yangu mmoja anasema lipa kwa Bitcoin, hakuna atakayejua. Mwingine anasema kripto ni mambo ya wezi, ukiigusa tu umejipaka matope. Mi nina Bitcoin kidogo, niliinunua kwenye soko la kripto ambalo nililitumia picha ya kitambulisho na selfi. Je, kripto ina kazi yoyote ya halali kwenye faragha au nadanganywa? Na hii niliyonayo itanifaa?"

Ndugu yangu, asante kwa kuuliza kabla hujalipa, maana wengi huniuliza wakishalipa na hapo hakuna tena cha kurudisha nyuma. Marafiki zako wote wawili wamekosea, ila wa kwanza kosa lake ndo la hatari, kwa sababu mtu anayeamini amejificha hufanya mambo ambayo asingeyafanya kama angejua anaonekana. Wa pili anafunga mlango ambao kuna watu wanauhitaji kweli. Jibu langu ni kwamba ndiyo, kripto, yani pesa za kidijitali kama Bitcoin, ina kazi ya halali kwenye faragha, lakini ni kazi nyembamba sana: inaweza kumzuia anayekuuzia huduma asijue jina lako, na inaweza kumzuia anayepitisha pesa asikuamulie nani wa kumlipa. Basi. Ukiitegemea ifanye zaidi ya hapo itakuangusha, na hiyo Bitcoin yako, kwa jinsi ulivyoinunua, kwa baadhi ya macho iko wazi kuliko hata kadi ya benki.

Tuanze na malipo yenyewe, maana watu wakiongelea faragha mtandaoni wanaongelea paswedi, kuki, usimbaji wa meseji, alafu malipo wanayasahau kabisa. Malipo yana jina, tarehe, saa, kiasi na nani kalipwa, vyote kwenye mstari mmoja, na huo mstari unakaa kwa watu wengi, benki yako, kampuni ya kadi, anayemchakatia muuzaji malipo, na muuzaji mwenyewe. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake, walichukua rekodi za kadi za watu milioni 1.1 za miezi 3, majina yameshaondolewa, namba za kadi zimeondolewa, na bado kujua manunuzi 4 tu ya mtu, wapi na siku gani, kulitosha kumtenganisha na wengine wote kwa asilimia 90 ya watu hao. Kwa hiyo hata wanapokwambia "data yetu haina majina" usilale usingizi.

Na anayekuangalia si lazima awe serikali. Kuna dada niliwahi kumsaidia, alikuwa na akaunti ya pamoja na mume aliyekuwa anampiga, akalipia VPN ili asome mambo ya msaada wa kisheria kwa usalama. VPN ilifanya kazi vizuri tu, hakuna kilichovuja huko. Mwisho wa mwezi taarifa ya akaunti ikaja, na jina la ile kampuni ya VPN limekaa pale katikati ya manunuzi ya nyumbani, na mume akauliza hii ni nini. Nasimulia hili kwa sababu kila ninaposikia mtu anasema anayetaka kuficha malipo yake lazima ana baya, namkumbuka yule dada. Alikuwa anatafuta jinsi ya kutoka akiwa mzima.

Kwa hiyo hitaji ni la kweli na ni la zamani kuliko Bitcoin. David Chaum, mtaalamu wa kriptografia, yani hesabu za kuficha na kuthibitisha taarifa, alilifanyia kazi tangu 1982, alipoandika kuhusu saini zisizoona. Wazo lake mwenyewe alilieleza kwa bahasha yenye karatasi ya kaboni ndani: unaweka kikaratasi ndani ya bahasha, benki inagonga muhuri kwa nje bila kuona kilichoandikwa ndani, kaboni inapitisha ule muhuri hadi kwenye kikaratasi, ukikitoa una noti halali iliyothibitishwa na benki lakini benki haiwezi kujua ni ipi ikirudi kutoka kwa muuzaji. Uzuri ulioje. Kampuni yake, DigiCash, ilifilisika 1998, lakini fikra ile haikufa. Nimelitaja hili ili uone tofauti moja muhimu, kwamba Chaum alianza na swali la faragha, wakati Bitcoin ilianza na swali jingine kabisa, tunatumianaje pesa bila kumtegemea mtu wa katikati. Na dawa ya kumwondoa mtu wa katikati ilikuwa kumpa kila mtu nakala ya daftari lote, yani rekodi ya kila muamala uliowahi kufanyika. Satoshi Nakamoto, jina la bandia la aliyebuni Bitcoin, kwenye ile hati yake ya Oktoba 2008 ana kipengele kizima cha faragha na hakuficha kitu, alisema watu wataona kwamba fulani anamtumia fulani kiasi fulani, kinachokosekana ni jina tu, akashauri utumie anwani mpya, yani namba ya kupokelea pesa, kwa kila muamala, alafu akakiri kwamba hata hivyo kuna miamala itakayofichua kwamba anwani kadhaa ni za mtu mmoja. Yani aliyeitengeneza alikuonya, sijui rafiki yako alilitoa wapi lile la "hakuna atakayejua".

Ngoja nikuonyeshe kwa karibu, maana hapa ndo watu wanapoteana. Tuseme kwenye waleti yako, programu inayotunza funguo, yani namba za siri za kutumia pesa yako, una kipande kimoja cha Bitcoin 0.5 na unataka kulipia huduma ya 0.001. Haikatwi kutoka kwenye salio kama benki inavyofanya. Kile kipande chote cha 0.5 kinatoka kama noti moja kubwa, 0.001 inaenda kwa muuzaji, na chenji, 0.499 hivi ukitoa ada ya mtandao, inarudi kwenye anwani nyingine ya waleti yako hiyohiyo. Sasa muuzaji akifungua daftari, na daftari liko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, anaona noti uliyomlipa ilikuwa ya 0.5, anaona na chenji ilivyokaa. Ni sawa na kwenda kununua kiberiti ukamwaga akiba yako yote juu ya kaunta kutafuta sarafu. Wiki ijayo unataka kununua kitu kikubwa, waleti inachukua ile chenji inaichanganya na vipande vingine vitatu ulivyopata sehemu tofauti, na anayefuatilia anajua vyote vinne ni vya mtu mmoja, kwa sababu wa kuvitumia kwa pamoja kwenye muamala mmoja ni yule mwenye funguo za vyote. Kipande kimoja kati ya hivyo kikiwa na jina lako, vyote vimepata jina lako. Na sio vya leo tu, vya nyuma na vya mbele pia.

Hii sio nadharia. Mwaka 2013 Sarah Meiklejohn na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walifanya kazi ambayo ukiisikia inaonekana rahisi: walinunua wenyewe vitu vidogovidogo, wakaweka na kutoa pesa kwenye masoko, mamia ya miamala, kila mara wakiandika anwani ya waliyefanya naye biashara. Kwa kuunganisha anwani kwa ile mbinu ya chenji na ile ya vipande vilivyotumika pamoja, wakaweza kubandika majina kwenye makundi makubwa ya anwani. Leo hiyo ni biashara kamili, kuna makampuni kama Chainalysis, iliyoanzishwa 2014, yanauza huduma hiyo kwa polisi, masoko na mabenki. Na matokeo unayaona. Maajenti wawili wa serikali ya Marekani waliokuwa wanaipeleleza Silk Road, soko haramu la mtandaoni, waliiba Bitcoin katikati ya upelelezi, wakakiri makosa mahakamani 2015, na daftari lilikuwa sehemu ya ushahidi. Bitcoin karibu 120,000 ziliibwa kutoka soko la kripto la Bitfinex mwaka 2016, wakazipitisha huku na huku kwa miaka, na Februari 2022 wakakamatwa mume na mke huku zaidi ya 94,000 zikirudishwa. Kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline ilipolipa wadukuzi fidia ya Bitcoin 75 Mei 2021, mwezi uliofuata wapelelezi walishazipata 63.7. Kwa hiyo ukiniuliza mi, mwizi anayetumia Bitcoin kujificha kachagua vibaya, na huyo rafiki yako wa pili aliyekwambia ni pesa ya wezi alipaswa kuongeza kwamba ni pesa inayowakamata wezi.

Shida ni kwamba daftari halimtofautishi mwizi na wewe. Kuna mwandishi mmoja niliyekaa naye, alikuwa ameweka anwani moja ya Bitcoin kwenye ukurasa wake apokee michango, ileile miaka miwili. Nikamwambia usinipe chochote, nikaingiza ile anwani kwenye tovuti ya kusomea daftari. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeshaona jumla ya aliyopokea, siku anazopenda kutoa, soko analotolea, na kundi la anwani ambalo ndo akiba yake binafsi kwa sababu alizichanganya mara moja tu, mara moja, alipokuwa na haraka. Akawa kimya muda mrefu. Alafu akauliza kama inafutika. Haifutiki, kila nodi duniani, yani kila kompyuta inayotunza daftari, ina nakala.

Na hapo hatujaongelea mtandao. Waleti nyingi za simu hazina nakala ya daftari, zinauliza seva ya kampuni "nina salio gani kwenye anwani hii na hii na hii", kwa hiyo kampuni inapata orodha ya anwani zako zote pamoja na anwani yako ya IP, namba inayotambulisha mtandao unaotumia, kwenye sahani moja. Novemba 2022 kampuni iliyo nyuma ya waleti ya MetaMask ilisasisha sera yake ikaeleza wazi kwamba ukitumia seva zake za Infura inakusanya IP na anwani ya waleti, watu wakashtuka, lakini ndivyo mambo yalivyo kwenye waleti nyingi. Upande wa Ethereum, mtandao mwingine wa kripto, ni pabaya zaidi kwa mtu wa kawaida kwa sababu mazoea ni kutumia anwani moja kwa kila kitu, mchango, mkopo, picha uliyonunua, kura uliyopiga, vyote vimejipanga chini ya jina moja. Na zile sarafu zilizofungwa na dola kama USDT na USDC ziondoe kabisa kwenye mada ya faragha, daftari ni lilelile la wazi na juu yake kampuni inayozitoa inaweza kuzigandisha kwenye anwani yako.

Lakini tundu kubwa kuliko yote ni lile ulilolitaja mwenyewe bila kujua, kitambulisho na selfi. Hapa naomba univumilie maana linaniuma. Mtu anataka faragha, anaambiwa nunua kripto, na hatua ya kwanza ya kununua kripto ni kumpa kampuni ambayo hajawahi kuikanyaga picha ya uso wake, namba ya kitambulisho, anwani ya nyumbani, namba ya simu na akaunti ya benki. Hizo data hazikai salama. Ledger, watengenezaji wa vile vifaa vya kuhifadhia funguo, walidukuliwa data za duka lao 2020, na Desemba mwaka huo zikamwagwa hadharani barua pepe zaidi ya milioni 1 na majina, anwani za nyumbani na simu za watu wapatao 272,000. Funguo zao hazikuguswa. Lakini fikiria maana yake, orodha ya watu wenye kripto na mahali wanapolala. Wengine walitumiwa vitisho, wengine walitumiwa kwa posta vifaa feki vilivyotengenezwa vifanane na vya Ledger ili waweke maneno yao ya siri humo. Mei 2025 soko la kripto la Coinbase likatangaza kwamba wahalifu waliwahonga wafanyakazi wa huduma kwa wateja, wakachukua majina, anwani na picha za vitambulisho vya wateja karibu 70,000, wakadai dola milioni 20, kampuni ikakataa kulipa. Hakuna kriptografia ya kuzuia mfanyakazi aliyehongwa.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimemuunga mkono rafiki yako wa pili, na sikubaliani naye.

Angalia Mullvad, VPN ya Sweden. Ukifungua akaunti hawakuulizi barua pepe, hawakuulizi jina, unapewa namba yenye tarakimu 16 na hiyo ndo akaunti. Unaweza kulipa kwa kadi ukitaka, lakini wanapokea pia Bitcoin, Monero, na noti za karatasi ndani ya bahasha kwa posta. Mwaka 2022 waliacha kuuza malipo ya kujirudia kila mwezi, kwa sababu ili kadi ikatwe yenyewe lazima wahifadhi taarifa za kukuunganisha na malipo, na hawakutaka kuzihifadhi. Aprili 2023 polisi wakafika ofisini kwao Gothenburg na hati ya upekuzi wakitaka kompyuta zenye data za wateja, wakaelezwa hazipo, wakaondoka mikono mitupu. Nataka uone mpangilio wa mambo hapo. Kilichowalinda wale wateja ni kampuni kutokuwa na data, kripto ni kile kipande cha mwisho kinachoziba tundu la malipo ili ile namba ya tarakimu 16 isifungamane na jina. Hiyo ndo kazi yake halali na inaifanya vizuri. Ukiichukua kripto ukailipia huduma inayokudai jina, simu na barua pepe, hakuna ulichofanya.

Kazi ya pili ni pale mtu wa katikati anapofunga bomba. Desemba 2010 Visa, Mastercard, PayPal na wengine waliikatia WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri, michango bila hukumu yoyote ya mahakama, na Juni 2011 ikaanza kupokea Bitcoin. Mwaka 2014 ProtonMail wakiwa wanachangisha pesa za kujenga barua pepe iliyosimbwa, PayPal iligandisha akaunti yao yenye dola 275,000 kwa muda, na jambo lililokuwa linajengwa lilikuwa barua pepe tu. Oktoba 2020 nchini Nigeria, wakati wa maandamano ya kupinga ukatili wa polisi, kundi la wanawake la Feminist Coalition waliofungiwa njia za benki wakageukia Bitcoin kupokea michango ya matibabu na mawakili. Unaweza usiipende WikiLeaks, ni haki yako, ila anayekata leo asiyempenda yeye kesho atakata unayempenda wewe. Na mchangiaji naye ana haki asiorodheshwe. Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, alisema hadharani Agosti 2022 kwamba alipitisha mchango wake kwa Ukraine kwenye Tornado Cash, programu inayochanganya kripto za watu wengi ili isijulikane ipi ilitoka kwa nani, na sababu ilikuwa kuwalinda wapokeaji.

Edward Snowden, aliyefichua siri za upelelezi wa mtandaoni wa Marekani, naye alieleza kwamba seva alizotumia kuwafikishia waandishi wa habari zile nyaraka mwaka 2013 zililipiwa kwa Bitcoin. Mfano huu naupenda kwa jambo moja ambalo watu hawaliulizi: faragha ya muda gani? Yeye alihitaji isijulikane hadi habari itoke, baada ya hapo alijitaja mwenyewe. Bitcoin inaweza kufaa siri ya wiki au miezi, pale ambapo hakuna anayekutafuta bado. Siri ya miaka 20 usiiweke humo, kwa sababu mbinu za kusoma daftari zinazidi kunolewa na daftari linabaki lilelile likisubiri.

Kwa siri ya muda mrefu kuna sarafu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Monero, iliyoanza Aprili 2014, inamficha anayetuma katikati ya wengine, kila kinachotumwa kinasainiwa kwa namna ambayo kati ya vipande 16 huwezi kujua kipi ndo cha kweli, anayepokea anatengenezewa anwani ya mara moja kila anapolipwa, na tangu 2017 kiasi nacho kimefichwa. Zcash, ya Oktoba 2016, inatumia hesabu za kuthibitisha kwamba muamala ni halali bila kuonyesha chochote kilichomo, ila faragha yake ni hiari, usipochagua anwani iliyofunikwa uko wazi kama Bitcoin tu. Hata Monero si muujiza: ukinunua kiasi fulani sokoni kwa jina lako saa 4, na saa 4 na dakika 10 mtu asiyejulikana akalipia kitu chenye thamani hiyohiyo, kriptografia haijavunjwa lakini wewe umejitaja. Na upatikanaji wake unabanwa. Japani iliziondoa sarafu hizi kwenye masoko yake 2018, Korea Kusini 2021, Binance iliitoa Monero Februari 2024, na sheria mpya ya Umoja wa Ulaya itayakataza masoko kuzishughulikia kuanzia Julai 2027. Mi naona ni hasara kubwa. Wakubwa wa uhalifu watapata njia, wanaobaki bila kitu ni watu kama yule dada, wanasukumwa kwenye sarafu zinazomwaga kila kitu hadharani.

Simaanishi wahalifu hawapo. Mashambulizi ya ransomware, programu zinazofunga kompyuta zako hadi ulipe fidia, yamesimamisha hospitali, na wadukuzi wa Lazarus wa Korea Kaskazini walisafisha mamilioni kupitia Tornado Cash, ndo maana Marekani iliiwekea vikwazo Agosti 2022. Mambo ya kisheria yamezunguka tangu hapo, mahakama ya rufaa ikasema Wizara ya Fedha ya Marekani ilivuka mamlaka, vikwazo vikaondolewa Machi 2025, huku mmoja wa waliotengeneza programu ile akihukumiwa Uholanzi Mei 2024 miezi 64 jela. Kwa hiyo kwako wewe mwenye kutaka VPN ushauri wangu ni mfupi, achana na vichanganyio vya Bitcoin. Utachanganya pesa yako safi na pesa iliyoibwa, masoko yataitia alama, na utajikuta unaeleza mambo ambayo hayakuhusu, yote kwa ajili ya malipo madogo ya mwezi.

Sasa turudi kwako, na swali la kwanza si "sarafu gani", ni unamficha nani? Kama hutaki tu kampuni ya VPN na wafanyabiashara wa data wawe na jina lako, njia nyepesi zipo, noti kwenye bahasha ambako wanapokea, vocha ya kulipia kabla iliyonunuliwa kwa taslimu, au kadi ya namba ya muda. Taslimu bado ndo faragha bora kuliko zote na haihitaji ujue hata neno moja la kriptografia. Kama unamficha mtu wa nyumbani kwako, usinunue kripto kwa akaunti anayoiona, maana jina la soko la kripto litatokea kwenye taarifa ileile na litazua maswali makubwa zaidi. Na kama unamficha mwenye nguvu ya kiserikali, malipo ni tatizo lako la mwisho. Mwaka 2021 Proton, walewale wa ProtonMail, walilazimishwa na amri ya Uswisi kurekodi IP ya mwanaharakati mmoja wa mazingira wa Ufaransa, akakamatwa, na 2024 taarifa waliyoitoa kwenye kesi nyingine ilikuwa barua pepe ya akiba ambayo mteja aliiweka mwenyewe ya kurudishia akaunti. Hao wangelipa hata kwa Monero, isingewasaidia kitu.

Hiyo Bitcoin yako itakufaa, ila ujue inakufaa kwa nani. Ukiitoa sokoni kwenda moja kwa moja kwenye anwani ya kampuni ya VPN, soko linakujua kwa sura na linaweza kubaini umemlipa nani, kwa sababu anwani za wauzaji wakubwa zina majina tayari. Lakini kampuni ya VPN haikujui, na data zake zikivuja kesho wewe humo haumo kwa jina. Kama soko si unayemkimbia, hiyo ni hatua ya kweli, usiidharau. Ulichotakiwa kuepuka ni kulipia kutoka kwenye waleti yenye akiba yako, kwa ile hadithi ya kiberiti na kaunta. Fungua waleti nyingine ya pembeni, hamishia humo kutoka sokoni, si kutoka kwenye waleti ya akiba, kiasi kinachotosha malipo hayo na ada ya mtandao, lipa, hicho kidogo kinachobaki kiache hukohuko usikirudishe kwenye akiba hata kama roho inakuuma. Tumia anwani waliyokupa mara moja tu. Kumbukumbu zako za manunuzi na kodi zihifadhi mwenyewe mahali salama, kutunza siri dhidi ya wauzaji hakukuondolei wajibu wako.

Alafu mpangilio, na hapa watu wengi wanaharibu kazi yote: lipia VPN kwanza, iwashe, ndo uende kufungua barua pepe ukiwa ndani yake. Ukifungua barua pepe kwanza kwa mtandao wa nyumbani, IP yako ya nyumbani ndo inakuwa ya kwanza kwenye rekodi ya akaunti hiyo. Usiweke namba ya simu, usiweke barua pepe yako ya zamani kama ya akiba, paswedi iwe mpya kabisa, na usiitumie hiyo barua pepe kumwandikia mtu yeyote anayekujua kwa jina lako halisi, hata mara moja kwa kujaribu.

Ukikwama kwenye ile hatua ya waleti ya pembeni niandikie tena nikuelekeze. Ila usinitumie anwani yako ya Bitcoin wala picha ya skrini ya waleti, sihitaji kuiona ili nikusaidie.